Eti fonti isiyo na upande? Kamuulizeni mtoto wa darasa la pili

Najua nimepotea. Kwanza TP ilinimeza mzima mzima, halafu niliporudi kampasi nikakuta asaimenti tatu zimekaa zinanisubiri kama wadai. Boom nalo mnalijua tabia zake, sitaki kulizungumzia nikajiharibia usiku. Leo Jumamosi, umeme upo, rumeti amelala, mimi nina chai ya rangi na hasira zangu. Leo nataka kugombana na herufi.

Ndiyo, herufi. Msicheke. Mkimaliza kusoma mtaniambia kama nimerukwa na akili.

Rumeti wangu wengi mnamjua. Ndiye anayewatengenezea mabango ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, kadi za graduesheni, vipeperushi vya fellowship na vya futari, vyote anavyo yeye. Jamaa ana kipaji, hilo sibishi. Ila ana kadini kake kadogo, na hako kadini kanaitwa Helvetica. Tangu mwaka wa kwanza ananihubiria: "Kaka, hii fonti ni safi. Haina maneno mengi, haina upande. Ni kama maji ya kunywa. Ukiandika kwa hii, mtu anasoma ujumbe, haoni herufi."

Na mimi nilimwamini jamani. Kwa nini nisimwamini? Tumezoea kuambiwa Times New Roman, saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, basi. Kijana anapokuonyesha kwamba kuna dunia nyingine ya herufi zilizonyooka, zisizo na vile vijiguu miguuni, unaona kama umefunguliwa dirisha. Nikaanza kuandika kila kitu kwa staili hiyo. Nondo zangu, presentesheni, hata barua ya kuomba ruhusa.

Halafu nikaenda TP.

Nilipangiwa shule moja ya msingi hapa hapa Dar, darasa la pili. Watoto wengi, madawati machache, mnajua wenyewe. Wiki ya pili nikajiona mwalimu wa kisasa. Badala ya kuandika ubaoni tu, nikatengeneza kadi za kusomea. Nikazichapa kwenye kompyuta, herufi kubwa kubwa, nyeusi, safi kama rumeti alivyonifundisha. Nikapeleka steshenari kwa hela yangu ya nauli, nikarudi nazo nimezishika kifuani kama cheti.

Kadi moja ilikuwa na kihadithi kifupi: mbuzi wa babu amepotea. Mstari wa tatu ulisomeka hivi: "Ilikuwa jioni. Babu alirudi Ilala."

Nikamwita binti mmoja asome. Ni mtoto mkimya, anayesoma taratibu, kwa sauti, herufi kwa herufi, kama tunavyowafundisha kwenye KKK. Mstari wa kwanza alipita. Wa pili alipita. Kufika wa tatu akasimama. Akaanza, "lll..." Akarudia, "lll... li..." Akasema, "Llikuwa."

Nikamwambia, "Hapana. Angalia vizuri."

Akaangalia. Akasema tena, "Llikuwa."

Darasa likacheka. Nikamwambia kaa, nikamwita mwingine, mvulana machachari ambaye alishasikia wenzake wakinong'ona, akasema "Ilikuwa" bila hata kuitazama kadi sawasawa. Nikampigia makofi. Makofi matatu, jamani. Naandika hapa nikiona aibu.

Jioni, kwenye daladala, nikaitoa ile kadi kwenye mkoba nikaitazama. Ndipo nikaona. I kubwa ya "Ilikuwa" ilikuwa kijiti. Na l ndogo iliyofuata ilikuwa kijiti. Vijiti viwili, vimesimama bega kwa bega, urefu ule ule, unene ule ule. Mle hamkuwa na I wala l. Kulikuwa na fito mbili za uzio.

Yule mtoto alikuwa sahihi. Alisoma kilichoandikwa. Aliyekosea ni mimi, na aliyechekwa ni yeye.

Na kumbukeni, ubaoni mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha I kubwa yenye kofia juu na kiatu chini. Siku ya kadi nikamletea I iliyovuliwa kofia na viatu, halafu nikamuuliza mbona humtambui mwenzako!

Nilipomsimulia rumeti, alinijibu kwa utulivu wa mchungaji: "Hilo si kosa la fonti. Fonti haina upande." Hapo ndipo damu ilipochemka, wadau. Kwa sababu maneno hayo, "haina upande", ndiyo yaliyonifanya nisiikague kadi yangu kabla ya kuipeleka darasani. Kitu ukishakiita hakina upande, unaacha kukiangalia. Hilo ndilo ninalopigana nalo leo, kwa hiyo tulieni kidogo tuisome historia yake.

Helvetica haikushuka mbinguni. Ilichorwa Uswisi mwaka 1957, kwenye kiwanda cha kufua herufi cha Haas, Münchenstein, jirani na mji wa Basel. Bosi wa kiwanda, Eduard Hoffmann, alitaka kitu cha kushindana na fonti ya Kijerumani iliyokuwa inauzika vizuri, Akzidenz-Grotesk, ambayo ilikuwepo tangu miaka ya 1890. Akampa kazi Max Miedinger. Wakaipa jina Neue Haas Grotesk, maana yake kwa kifupi Grotesk mpya ya Haas. Soma tena hapo: ilizaliwa ili ishinde sokoni. Sijasema ni dhambi. Nasema tu kwamba mwenye duka ana upande wake.

Jina Helvetica lilikuja mwaka 1960, walipotaka kuiuza nje ya Uswisi kwa nguvu zaidi. Na jina lenyewe limetoka wapi? Helvetia, jina la Kilatini la Uswisi! Yaani fonti inayosifiwa kwamba haina nchi, haina lafudhi, haina kwao, imepewa jina la nchi. Ni sawa na mtu akuambie hana kabila huku jina lake la pili ni Mchagga. He he he.

Na hilo neno Grotesk mnalionaje? Herufi zisizo na vijiguu zilianza kuchapwa na wafua herufi London mwaka 1816, kwa William Caslon wa nne. Baadaye watu wa karne ya 19 wakazoea kuziita "grotesque", yaani kitu cha ajabu ajabu, kisichokaa sawa machoni. Leo hizo hizo ndizo tunaziita za kawaida. Herufi hazikubadilika sana. Macho ya watu ndiyo yaliyozoea. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kitu ni cha kawaida, muulize: kawaida ya nani, tangu lini?

Nitendee haki upande wa pili, maana mwalimu wetu wa falsafa ya elimu asije akasema napiga kelele tu. Wale Waswisi hawakuwa wajinga. Nchi yao ina Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiromanshi, na tangazo moja mara nyingi linatakiwa kusimama kwa lugha zaidi ya moja bila lugha moja kumtawala mwenzake. Vita kuu ya pili ilikuwa imeisha mwaka 1945. Ulaya ilikuwa imechoka na mabango ya kupiga kelele. Vijana wa usanifu walitaka ukurasa mtulivu, wenye mpangilio, unaotoa habari bila kumkaripia mtu. Hilo ni jambo zuri. Hata mimi nikiingia benki nikaona fomu imepangwa vizuri, moyo unatulia.

Na kwenye vibao vikubwa fonti hizi zinafanya kazi. New York, Massimo Vignelli na Bob Noorda waliwapangia watu wa treni za chini ya ardhi mwongozo wa vibao uliotoka mwaka 1970. Walianza na Standard, jina ambalo Akzidenz-Grotesk iliuzwa nalo Marekani, na mwaka 1989 Helvetica ikawa ndiyo herufi rasmi ya vibao vile. Mtu anakimbilia treni, anatupa jicho, anajua aende wapi. Safi kabisa. Shirika la ndege la American Airlines lilikaa na nembo ya Helvetica tangu 1967 mpaka 2013. Mwaka 2007 ilipotimiza miaka 50, jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, liliifanyia maonyesho, na Gary Hustwit akaitengenezea filamu nzima. Filamu ya fonti! Rumeti ameiangalia mara nne, mimi mara moja na nusu, nusu ya pili nililala.

Sasa sikilizeni huyo msafiri wa New York ni nani. Ni mtu mzima. Anajua kusoma. Anajua kituo anachokwenda kabla hajakiona kwenye kibao. Hatamki herufi moja moja, neno analitambua papo hapo kama unavyomtambua shangazi yako kwa mbali. Huyo hata ukimpa fito za uzio atasoma, kwa sababu nusu ya kazi inafanywa na kichwa chake.

Binti yangu wa darasa la pili hana nusu hiyo. Yeye ana herufi tu. Ukimnyang'anya herufi, umemnyang'anya kila kitu.

Na sisi Waswahili tuna la ziada hapa. Hebu fikirieni sarufi yetu. Nomino zote za ngeli ya I-ZI kwa umoja, na za U-I kwa wingi, zikipelekwa wakati uliopita zinaanza na nini? Ili-. Nyumba? Ilianguka. Mvua? Ilinyesha. Miti? Ilikauka. Barua? Ilifika. Halafu kuna "Ili", kuna "Ila", kuna "Ilani", kuna "Iliki" mama akiandika orodha ya viungo, kuna "Ilala" yenyewe. Hadithi ngapi za watoto zinaanza na "Ilikuwa"? Kiswahili ni kiwanda cha kuzalisha I kubwa iliyofuatwa na l ndogo, mwanzoni mwa sentensi, mahali pale pale ambapo mtoto anaanza safari. Na tumechagua herufi ambazo, kati ya herufi zote za alfabeti, zimeshindwa kutofautisha hizo mbili.

Rumeti alipoona hoja hiyo inambana, akaingia intaneti nusu saa, akarudi anatabasamu. "Kaka, Mfaransa naye ana Il. Mwitaliano naye ana Il. Na wote wapo Uswisi. Mbona hawakulalamika?"

Nakiri, ilinigonga. Nilinyamaza kama dakika tano nzima. Kweli, Il ya Kifaransa ni "yeye", na Il ya Kiitaliano ni kijineno kinachotangulia majina, wanavitumia kutwa. Waliochora waliziona hizo fito mbili kila siku.

Lakini hoja yake ndiyo iliyonipa jibu. Waliziona na hawakujali, kwa sababu msomaji waliyekuwa nalo akilini tayari anajua kusoma. Kwake hakuna tatizo. Basi tatizo si la lugha, ni la nani aliyekaa mbele ya karatasi. "Haina upande" maana yake ni kwamba haimsumbui aliyekwisha kufika. Aliyeko njiani hakuulizwa.

Na hapa, wadau wenzangu wa elimu, ndipo ninapowaomba muache kusoma kwa haraka. Maana sisi ndio tunaokwenda kusimama mbele ya walioko njiani.

Hebu fanyeni jaribio. Fungua kompyuta, chagua Arial. Andika I kubwa, andika l ndogo, zisogeze karibu. Mwite jirani yako hapo kimbwetani, muulize ipi ni ipi. Kama ni mkweli atakuambia hajui. Matapeli wa intaneti wanalijua hili kuliko sisi walimu: wanaandika anwani yenye jina la kampuni unayoiamini, lakini mahali pa l ndogo wanaweka I kubwa, wewe unabonyeza. Mwizi ameshasoma umbo la herufi kabla ya mwalimu. Aibu gani hii?

Nimesema Arial, na huenda kuna mjuaji anajiandaa kunisahihisha kwamba Arial siyo Helvetica. Najua, ndugu yangu. Arial ilichorwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders wa Monotype, kwa ajili ya printa za IBM. Upana wa herufi zake umelinganishwa na wa Helvetica, kiasi kwamba ukibadilisha moja kwa nyingine mistari haihami. Mwaka 1992 ikaja ndani ya Windows 3.1, na kuanzia hapo ikaingia kila ofisi, kila shule, kila steshenari. Sisi wa huku Helvetica tumeipata zaidi kwa jina. Tuliyokula nayo sahani moja ni Arial.

Mnataka kujua zinatofautianaje? Tazameni R kubwa. Ya Helvetica mguu wake unashuka wima kama umevaa suruali ya kupigwa pasi. Ya Arial mguu umenyooshwa kwa mshazari. Tazameni G kubwa. Ya Helvetica ina kichomo chini kulia, ya Arial haina. Tazameni t ndogo: kichwa cha Arial kimekatwa mshazari. Nikiwa na ujuzi huo nikaenda kuyakagua mabango ya rumeti, yale ya uchaguzi wa mwaka jana, bado mawili yamebaki kwenye ukuta wa kafeteria. Wadau, yote ni Arial! Miaka miwili kijana anahubiri Helvetica na hana hata moja kwenye mashine yake. Nilimwamsha usingizini kumpa habari hizo. Alinirushia mto.

Lakini nikicheka nikimaliza, hilo nalo lina funzo. Hakuichagua Arial. Ilimkuta. Ilikuwemo kwenye mashine siku mashine iliponunuliwa, kama ilivyokuwemo kwenye ile niliyochapia kadi zangu. Mambo mengi tunayoyaita ya kawaida ni yale yaliyokuja na mashine.

Tukirudi darasani, I na l siyo kesi pekee. Angalia a ndogo. Mtoto tunamfundisha kuandika a ya duara na kijiti pembeni. Kwenye Helvetica na Arial anakutana na a nyingine, yenye tumbo chini na paa juu. Mtu mzima hata hajui kwamba kuna a mbili, amezimeza zote. Mtoto anaona herufi ambayo hajawahi kutambulishwa. Na ndiyo irabu inayojaa Kiswahili kuliko pilipili kwenye pilau: baba, kaka, dada, haraka, mahakama. Kila neno anakutana na mgeni mara mbili, mara tatu, hata mara nne.

Halafu kuna midomo. Kwenye Helvetica, c na e na s na a zinajikunja mpaka ncha zake zinakaribia kufunga. Kwenye karatasi nzuri, saizi kubwa, inapendeza. Sasa chukua desa. Fotokopi ya fotokopi ya fotokopi, mashine ina wino wa kubahatisha, saizi 9 ili kurasa ziwe chache na bei ishuke. Pale c inageuka o, e inajaa wino, 3 inakuwa 8. Ni nani kati yenu hajawahi kukokotoa swali zima la takwimu kwa 8 ambayo ilikuwa 3? Nyoosha mkono. Nadhani mikono yote imebaki chini.

Mtu ataniambia, wewe unakuza mambo, fonti ni fonti tu. Haya, waambieni Wamarekani. Mwaka 2023 wizara yao ya mambo ya nje, chini ya Antony Blinken, iliacha Times New Roman ikahamia Calibri, isiyo na vijiguu, kwa maelezo kwamba inawasaidia wasomaji wenye ulemavu. Desemba 2025 Marco Rubio akaagiza warudi Times New Roman. Mawaziri wawili wa taifa kubwa wanavutana kuhusu vijiguu vya herufi! Mimi ugomvi wao haunihusu, na vijiguu siyo dawa ya kila kitu. Ninachosema ni kwamba wenye madaraka wanajua herufi ina upande. Sisi wa chini ndio tunaoambiwa haina.

Sasa, sikuja kulalamika tu. Mwalimu wetu mmoja hupenda kutuambia kwamba malalamiko bila pendekezo ni umbea wenye digrii. Pendekezo ninalo, na nilipolipata nilicheka peke yangu maktaba mpaka mlinzi akanisogelea.

Ipo fonti inaitwa Andika. Ndiyo, Andika, neno letu, Kiswahili kabisa. Imetengenezwa na shirika la SIL mahususi kwa watu wanaoanza kusoma, watoto na watu wazima wa kisomo. Nayo ni nyoofu, haina vijiguu, ni safi kwa macho ya rumeti yeyote. Tofauti ni swali walilojiuliza. Walijiuliza herufi gani zinachanganyana na nyingine machoni pa anayeanza, wakazitenganisha. I ina umbo lake, l ina lake, 1 ina lake. a ni ya duara na kijiti, ile ile ya kwenye daftari. Ni ya bure, unaipakua, unaitumia, unampa mwenzako, hakuna wa kukudai. Na Uingereza Rosemary Sassoon alishatangulia kufanya kazi ya namna hiyo: aliwauliza watoto wenyewe herufi gani wanazisoma kwa urahisi, ndipo akachora Sassoon Primary. Jamani, kumbe mtoto anaweza kuulizwa!

Kwa hiyo mtu asije kuniambia nachukia herufi safi. Usafi siuchukii. Nauliza umemsafishia nani.

Angalizo kwa mtakaojaribu, nisiwaache mkaanguka nilipoanguka mimi. Niliiweka Andika kwenye kompyuta, nikachapa kadi upya, nikaziweka kwenye flashi, nikakimbia steshenari. Kijana akafungua faili, akachapa, akanipa. Kufika nje naangalia: fito za uzio! Mashine yake haikuwa na Andika, kwa hiyo ikaweka ya kwake bila kumuuliza mtu. Ndiyo hiyo "kawaida" ninayoisema, inarudi kwa mlango wa nyuma. Dawa yake: hifadhi faili kama PDF kabla hujatoka chumbani, herufi zinasafiri nayo ndani. Mimi siku hiyo hela ilikuwa imeisha. Nikanunua karatasi moja ya manila na maka peni, nikaandika kwa mkono usiku, I zote na kofia na viatu.

Wiki ya mwisho ya TP nikamwita tena yule binti. Sikumwita mbele ya darasa. Nilimwita wakati wa mapumziko, nikachuchumaa karibu na dawati lake. Nikamwambia, "Siku ile wewe ulisoma sawa. Mwalimu ndiye aliyeandika vibaya." Hakujibu. Mnajua watoto, mwalimu kumwambia amekosea ni kitu ambacho hawana pa kukiweka.

Nikampa kadi mpya. Alifika mstari wa tatu. Akasoma, "I... li... Ilikuwa jioni." Sawasawa kabisa, mara ya kwanza.

Lakini kabla ya kusoma, pale kwenye I, aliinua kichwa akanitazama usoni. Alitaka kujua kutoka kwangu kama anachokiona ndicho. Macho yake yalikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, mimi ndiye niliyemfundisha asiyaamini. Kadi nilirekebisha kwa manila ya shilingi mia kadhaa. Lile jicho sijui nitalirekebisha kwa nini, na TP ilikuwa imeisha.

Basi wadau, mnaokwenda TP awamu ijayo, msiende na kadi za vijiti. Pakueni Andika, na kama hamna bando njooni chumbani na flashi, nitawapa bure. Kama hamna printa, andikeni kwa mkono. Kisha, kabla hujamwambia mtoto "angalia vizuri", angalia wewe kwanza.

Rumeti ameamka, anasoma kwa nyuma ya bega langu. Anasema nimemchafua. Pia anauliza hiyo Andika ina herufi nene za kutosha kwa bango. Ninamwekea sasa hivi kwenye mashine yake kabla hajabadili mawazo.

Kesho kanisani na msikitini mtuombee, Jumatatu nina presentesheni saa 2 asubuhi. Tupieni maoni, na mkibisha bisheni kwa hoja. Usiku mwema.